Mtoto Atazame Nini? Mwongozo kwa Wazazi wa Nyumba Yenye Simu Moja na Flashi Nyingi

Jumamosi moja ya mwaka jana nilipita kwenye duka la kuwekea filamu hapa Moshi, nikamkabidhi kijana wa dukani flashi ya GB 8 na kumwomba aniwekee katuni za watoto. Aliniwekea folda iliyoandikwa KATUNI MPYA, nikalipa, nikarudi nyumbani Majengo, nikaichomeka flashi kwenye TV, kisha nikaingia jikoni kuchambua mchicha. Miongoni mwa faili zile kulikuwa na katuni iliyochorwa kwa ajili ya watu wazima, ya damu na watu wanaokatwa vichwa, na binti yangu wa miaka 9 aliitazama hadi mwisho, mdogo wake wa miaka 4 akiwa amemwegemea begani. Hakusema neno. Nilikuja kujua siku ya nne, alipokuwa amekwisha kuanza kukataa kwenda chooni peke yake usiku, kwa kuwa choo chetu kiko nje. Nilimkalisha karibu na jiko la mkaa nikamuuliza taratibu, naye, huku akikunja na kukunjua upindo wa gauni lake, akanieleza kwamba aliogopa kusema asije akanyimwa TV.

Mwenye duka alitazama jina la folda, nami nikatazama jina la folda, na kati yetu hakuna aliyeitazama filamu yenyewe. Tangu wakati huo mimi na mume wangu tunafuata utaratibu ninaoueleza hapa. Unategemea mambo mawili: uamuzi hufanyika kabla mtoto hajakaa mbele ya skrini, na mtoto anajua mapema kwamba akikutana na kitu kibaya na akasema, hatapoteza chochote kwa kusema.

Hatua ya kwanza: Hesabuni njia zote

Chukueni karatasi na mwandike kila njia ambayo picha inaweza kumfikia mtoto wenu. Wengi tukifanya zoezi hili huandika TV na simu, kisha tukaishia hapo. Endeleeni: simu ya baba, simu ya mama, simu ya dada wa kazi, flashi, memori kadi iliyotolewa kwenye simu ya zamani, kompyuta ya kazini inayorudi nyumbani Ijumaa, simu ya kijana wa jirani anayekaa kwenye ngazi na watoto wakamzunguka, na kibanda umiza, yaani banda la mtaani la kutazamia mpira na filamu kwa kiingilio. Sisi tulipata njia kumi, na kabla ya siku hiyo tulikuwa tumeweka utaratibu kwenye mbili tu.

Kibanda umiza kinahitaji maelezo ya ziada, kwa sababu watoto wetu wa kiume huingia humo kwa ruhusa yetu wenyewe. Mtoto anaomba kwenda kutazama mechi ya Simba na Yanga, mzazi anampa hela ya kiingilio, mechi inakwisha, kisha inawekwa filamu ya mapigano iliyotafsiriwa, na hakuna anayewainua watoto kwenye mabenchi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka filamu ikaguliwe na kupangiwa daraja na Bodi ya Filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani, lakini nakala inayohamishwa kutoka flashi hadi flashi haipiti mikononi mwa mkaguzi yeyote. Isitoshe, filamu iliyotafsiriwa ni kazi mpya kwa sehemu kubwa, kwa maana anayetafsiri huongeza utani, vijembe na pengine matusi ambayo hayamo kabisa katika filamu ya awali. Hivyo hata kama uliwahi kuiona filamu hiyo kwa lugha yake, hujui bado mtoto atasikia nini. Ruhusa ya kwenda kibandani itajwe pamoja na mwisho wake: mpira ukiisha, mtoto anatoka, na mtu mzima anayemfahamu yuko mlangoni kumchukua.

Hatua ya pili: Wakubwa mkubaliane kwanza

Mtoto hutambua haraka sana nani katika nyumba hii husema ndiyo. Baba akikataza na mama akaruhusu, au wote wawili wakikataza na bibi akaruhusu kwa huruma, katazo hilo halina uzito tena. Kaeni ninyi wawili pasipo watoto, mzungumze mpaka mkubaliane kwa maneno yanayofanana, kisha ndipo muwaeleze wengine. Bibi na babu waelezwe kwa heshima inayowastahili na kwa sababu zake. Mama mkwe wangu alipoelezwa kisa cha choo cha usiku, hakuhitaji kuelezwa jambo jingine.

Dada wa kazi asisahaulike, maana ndiye anayeshinda na watoto kutwa nzima, rimoti ikiwa mkononi mwake. Ni kosa kumwekea amri bila kumweleza sababu, na ni kosa kubwa zaidi kumnyima burudani yake halafu ukategemea akulindie watoto. Dada yetu hupenda tamthilia za Kituruki zilizowekewa sauti za Kiswahili. Tulikubaliana kwamba hutazama marudio mchana watoto wakiwa shuleni, au usiku wakishalala, na kwamba wakati watoto wapo rimoti haibonyezwi kutafuta chaneli. Alilipokea vizuri kwa sababu aliulizwa kwanza saa zipi zinamfaa.

Hatua ya tatu: Amueni kwa kila mtoto peke yake

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri kwamba mtoto aliye chini ya mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, wa mwaka 1 vivyo hivyo, na wa miaka 2 hadi 4 asizidi saa 1 kwa siku, na ikiwa pungufu ya hapo ni bora zaidi. Huo ni mwanzo mzuri kwa wadogo. Kuanzia umri wa kwenda shule, hesabu ya saa pekee haitoshi, kwa sababu dakika 10 za kitu kibaya zina madhara zaidi kuliko saa 2 za filamu njema.

Andikeni jina la kila mtoto, na chini yake mambo matatu: anachokiogopa, anachokiiga, na anachokiuliza. Mwanangu mdogo huiga. Akiona mtu anaruka kutoka ukutani, jioni utamkuta juu ya ukuta. Binti yangu huogopa, tena huogopa kimyakimya. Kaka yao wa miaka 14, aliyeko bweni, hauliziulizi tena, na kwa umri wake kunyamaza huko ndiko kunakonifanya nikae naye zaidi anapokuja likizo ya Juni na ya Desemba. Filamu moja haiwezi kuwafaa wote watatu, na mkubwa asipewe kutazama filamu yake sebuleni eti mdogo "haelewi". Mdogo huelewa sura ya mtu anayelia kwa maumivu hata kama haelewi kisa.

Kuna jambo ambalo madaraja ya nchi za nje hayalipimi sawasawa kwetu, nalo ni uchawi. Filamu nyingi za hapa nyumbani na za Nigeria zina mganga, tunguli na mtu anayegeuka nyoka, na hazina tone la damu. Mtoto wa London akiona hayo huona hadithi ya kubuni, ila mtoto wa mitaa yetu, wa Pasua hapa Moshi au wa Unga Limited kule Arusha, aliyesikia watu wazima wakinong'ona kwamba fulani amelogwa, huona habari ya kweli iliyopigwa picha, na bibi kizee wa jirani anageuka kuwa kitisho kwake. Kwangu mimi filamu za namna hiyo haziwekwi mbele ya mtoto aliye chini ya miaka 12, na baada ya hapo hutazamwa mzazi akiwapo.

Hatua ya nne: Tazameni ninyi kwanza

Anzeni na alama, kwa sababu zinaokoa muda. Filamu za Marekani huwa na G kwa watu wote, PG kwa zinazohitaji uangalizi wa mzazi, PG-13, iliyoanza kutumika mwaka 1984, kwa zenye mambo yasiyofaa walio chini ya miaka 13, R ambayo kule mtu wa chini ya miaka 17 huingia tu akiwa na mzazi au mlezi, na NC-17 ambayo haiwahusu watoto hata kidogo. Uingereza hutumia U, PG, 12A, 12, 15 na 18. Kenya hutumia GE kwa watu wote, kisha PG, 16 na 18. Alama hizi huonekana kwenye jalada, mwanzoni mwa filamu, au pembeni ya jina lake katika huduma za kulipia. Faili iliyonakiliwa kwenye flashi mara nyingi haina alama yoyote, kwa hiyo andika jina la filamu kwenye intaneti ukatafute daraja lake kabla ya kuibonyeza. Na mtu asidanganyike na neno katuni. Katuni ni namna ya kuchora tu, na zipo za wakubwa kama zilivyo filamu za wakubwa.

Baada ya alama, tazama kwa macho yako. Ukikosa muda wa filamu nzima, tazama dakika 10 za mwanzo, dakika 10 za katikati na dakika 15 za mwisho, sauti ikiwa imefunguliwa, kwa kuwa matusi hayaonekani, husikika. Sehemu ya mwisho isiachwe, maana ndiko ukatili na vitisho hulundikana. Jiulize: anayefanya ukatili humu anasifiwa au anahukumiwa? Mwanamke anachukuliwaje? Kuna jambo ambalo mwanangu akilijaribu uani ataumia? Filamu ikitufaa tunaandika jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya mlango wa kabati, pamoja na majina ya watoto wanaoruhusiwa. Isiyo kwenye karatasi haiwekwi, na dada hana haja ya kubishana na mtoto, kwani karatasi inajibu.

Hatua ya tano: Fungeni vinavyofungika

King'amuzi chenu karibu hakika kina sehemu ya kufunga chaneli kwa namba ya siri. Ifungueni kwenye mipangilio, mbadilishe ile namba ya kiwandani, ambayo watoto wa mtaa mzima wanaijua, kisha mfunge chaneli zisizofaa. Kazi hiyo ni ya dakika 5. Huduma za kulipia kama Netflix huruhusu kufungua wasifu wa mtoto wenye kikomo cha umri na kufunga wasifu wa wakubwa kwa namba ya siri.

Simu ndiyo kazi kubwa, hasa simu ya mzazi inayotumiwa na watoto, ambayo ndiyo hali ya nyumba nyingi.

Fungua YouTube, gusa picha yako, ingia kwenye mipangilio ya jumla, washa hali yenye mipaka. Huondoa video nyingi za watu wazima pamoja na maoni ya watazamaji, ingawa haizimalizi zote. Futa historia ya ulivyovitazama na kuvitafuta wewe, kwa sababu video zinazopendekezwa hutokana na historia hiyo, na zima uchezaji wa kiotomatiki ili video moja ikiisha simu itulie. Kwenye Google washa utafutaji salama.

Kwa simu za Android kuanzia toleo la 9 ipo kinga ambayo wazazi wachache wanaifahamu, na haina gharama. Ingia kwenye Mipangilio, nenda sehemu ya mtandao au miunganisho, tafuta DNS ya Faragha (DNS ni huduma inayoielekeza simu tovuti iliko), chagua kuandika jina la mtoa huduma, andika family.cloudflare-dns.com, kisha hifadhi. Kuanzia hapo tovuti zinazojulikana kwa ponografia hazitafunguka kwenye simu hiyo, iwe inatumia bando au Wi-Fi. Andika kwa makini, kwani herufi moja ikikosewa intaneti yote itakatika mpaka urekebishe. Wenye ruta nyumbani, yaani kifaa kinachogawa Wi-Fi, wanaweza kuweka 1.1.1.3 na 1.0.0.3 kwenye mipangilio yake ya DNS, na vifaa vinavyotumia ruta hiyo vikalindwa pamoja. Kinga hii huzuia tovuti. Haigusi yaliyomo ndani ya WhatsApp, Telegram wala TikTok, na kijana mwenye VPN, programu inayopitisha intaneti kwa njia nyingine, huipita. Kwa hiyo usiiwekee imani kuliko uwezo wake.

Mtoto mwenye simu yake awekewe Family Link ya Google, ambayo humwezesha mzazi kuidhinisha kila programu kabla haijapakuliwa, kuweka kikomo cha muda na kuifunga simu saa ya kulala. Kwa simu inayotumiwa na wote, tafuta kwenye mipangilio ya usalama sehemu ya kubandika programu: unafungua katuni, unaibandika, na mtoto hawezi kutoka humo kwenda kwenye picha wala ujumbe wako bila namba ya siri.

Sasa WhatsApp. Kwa maoni yangu huu ndio mlango ulio wazi kuliko yote, na aliyeuacha wazi ni mzazi mwenyewe. Tumo kwenye kikundi cha kikoba, cha ukoo, cha wazazi wa darasa, cha jumuiya, na katika kimoja mtu hutuma video ya ajali ya bodaboda, miili ikiwa barabarani, akisindikiza na maneno ya pole. Simu inaipakua yenyewe, inaihifadhi kwenye picha, na mtoto anayetafuta picha za sherehe ya ubatizo anaikuta katikati yake. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya hifadhi na data, uzime upakuaji wa kiotomatiki wa picha na video kwa bando na kwa Wi-Fi. Kisha kwenye mazungumzo zima uhifadhi wa midia kwenye simu. Kwenye faragha, weka kwamba wanaoweza kukuingiza kwenye vikundi ni watu uliowahifadhi tu. Utaokoa na bando lako pia.

WhatsApp na TikTok, kwa masharti yao wenyewe, zimeweka miaka 13 kuwa umri wa chini wa kufungua akaunti ya kawaida, na TikTok hairuhusu ujumbe wa faragha kwa aliye chini ya miaka 16. Mtoto wa darasa la tano mwenye akaunti amedanganya umri wake, na mara nyingi aliyemwandikia mwaka wa uongo ni mtu mzima wa nyumbani.

Hatua ya sita: Mwelezeni mtoto, na mumpe ahadi

Msimweleze mtoto kufuli kana kwamba ni adhabu. Mketi naye mezani au mkiwa mnamenya ndizi, mumwambie kuna filamu zilizotengenezwa kwa ajili ya watu wazima, kwamba zinaweza kumfikia hata kama hakuzitafuta, na kwamba zikimfikia afanye mambo matatu: afunge, aondoke, aje aseme. Kisha mzazi atoe ahadi kwa kinywa chake: ukisema, sitakupiga, sitachukua simu, sitakugombeza. Ahadi hiyo ikivunjwa mara moja, mtoto hatakuja mara ya pili, na hapo hakuna programu itakayomfidia mzazi.

Kwa vijana wa sekondari ongezeni jambo la picha zao. Mtu wasiyemjua akiomba picha ya mwili, au hata wanayemjua, jibu ni hapana, na mzazi aambiwe siku hiyohiyo, hata kama picha imekwisha kutumwa. Kijana ajue kwamba anayemtishia kwa picha ndiye mkosaji.

Hatua ya saba: Akishaona, fanyeni hivi

Tulieni kwanza. Muulize aliona nini kwa maneno yake, wala usimwongezee maneno yako. Mweleze kwa kadiri ya umri wake. Kwa filamu ya kutisha, tulimwonyesha binti yetu kwamba ile ilikuwa michoro, mume wangu akachora kichwa kwenye karatasi na kukipaka wekundu kwa kalamu mbele yake. Kwa majuma mawili nilimsindikiza chooni kila usiku na tochi bila kumcheka. Kwa ponografia, mwambie mtoto wazi kwamba hakukosa kwa kukutana nayo, na kwamba yale hayafundishi namna watu wanaopendana wanavyotendeana.

Ikiwa kuna mtu mzima aliyemwonyesha mtoto kwa makusudi, au aliyemtaka picha, hilo ni jambo la sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto na huwapa wazazi wajibu wa kumlinda na hatari za mwili na za maadili. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza ponografia ya watoto. Pigeni 116, simu ya huduma kwa mtoto isiyo na malipo, au nendeni Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Simu yenye ushahidi ihifadhiwe bila kufutwa kitu. Tafadhali mtu asisambaze picha ya mtoto kwenye kikundi cha wazazi "ili wote waone", kwani huko ni kumuumiza mtoto mara ya pili, na aliyesambaza naye anaingia kwenye kosa.

Hatua ya nane: Jiandaeni kwa Desemba

Utaratibu wa mwaka mzima huvunjika Desemba, tunapopanda mlimani Kilimanjaro, Kibosho, Marangu au Rombo, na ukoo wote ukakutana kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la ukoo. Binamu wanafika kutoka Dar es Salaam na simu zao janja, wakubwa wamekaa nje na maongezi yao, na watoto kumi wamejibanza chumba cha nyuma wakizunguka kioo kimoja. Pigieni simu mashangazi na wajomba juma moja kabla. Semeni ombi, msitoe amri: watoto watazame sebuleni mlango ukiwa wazi, na simu za wakubwa zikusanywe kwenye kikapu saa 3 usiku. Sisi tulishangaa kuona shangazi wawili walikuwa wakitamani mtu alianze jambo hilo.

Kisha nendeni na filamu zenu. Mtoto asiye na cha kutazama atatazama chochote kilichopo, na mvua za huko juu humfungia ndani mchana kutwa. Flashi yetu ya mwaka huu ina filamu sita, zote tumezitazama mwanzo hadi mwisho, mimi na baba yao, usiku watoto wakiwa wamelala. Nimeifunga kipande cha plasta nyeupe, na juu yake binti yangu ameandika kwa kalamu ya wino: IMETAZAMWA NA MAMA.